Moto Upi

Poko alikuwa na sauti tatu, na watu wa Ouahigouya na vijiji vyake walizijua zote. Ya kwanza ilikuwa ya mvua na habari za mashamba. Ya pili ya harusi na watoto waliozaliwa. Ya tatu ilikuwa ya msiba, na hiyo ikianza tu, mwanamke aliyekuwa akisonga ugali wa mtama aliacha mwiko umesimama chunguni, akasikiliza ni nani.

Jumatano ile, saa sita na robo mchana, aliitumia ya tatu.

"Watu wa Songtenga, mlioko mjini na mlioko mbali," alisema kwenye kipaza sauti, taratibu, bila kusoma popote. "Moto umezimika kwa Naaba Saaga. Ndugu waambiane. Wapiga ngoma wakae tayari. Redio ya Kaskazini inawapa pole."

Akafungulia kanda ya filimbi za maombolezo, akavua visikilizio na kujipongeza kimoyomoyo. Kwa Wamosi wa huko hakuna anayesema Naaba, yaani chifu, amekufa. Chifu moto wake unazimika, basi, na mwenye masikio ataelewa. Hawa watangazaji vijana wangesema "Naaba amefariki dunia" kama wanasoma karatasi ya hospitali, na wazee wangezima redio kwa hasira. Poko hakuwahi kuteleza hapo kwa miaka ishirini na saba, na sasa zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu.

Rasmané, fundi mitambo, alirudi kutoka kuswali akamkuta anakunywa maji.

"Nimesikia filimbi huko nje. Nani tena?"

"Naaba Saaga wa Songtenga."

"Habari umepata kwa nani?"

"Mtu kapiga simu. Laini mbovu, mwenyewe anahema kama kakimbizwa. Kasema tangazeni redioni kwamba moto kwa Naaba umezimika, ndugu wa mjini waambiwe. Ikakatika."

Rasmané alikaa kwenye kiti chake polepole sana.

"Moto upi?"

"Moto upi vipi?"

"Poko, tangu asubuhi sokoni hakuna habari nyingine. Ghala la mtama la Naaba Saaga linaungua, watu wanapanda pikipiki kwenda kusaidia, wanawe wa mjini wamechanganyikiwa. Sasa huyo mtu wako alisema moto gani umezimika?"

Poko aliweka maji chini. Alifungua mdomo ajibu, na simu ya studio ikalia, na alijua kabla ya kuipokea.

Ndivyo ilivyokuwa. Kibatari kilikuwa kimeangukia majani makavu, ghala moja likashika, watu wakapigana nalo kwa ndoo na mchanga tangu alfajiri, na saa tano na nusu likatulia. Mtu mmoja mwema akaona awatoe watu wa mjini wasiwasi. Moto umezimika. Mmosi yeyote aliyezaliwa na kunyonya kwenye lugha ile angeuliza kama alivyouliza Rasmané. Poko hakuuliza, kwa sababu alikuwa anataka mno kuonekana anajua.

Saa saba kasorobo alirudi hewani kusahihisha, sauti imemkauka. Lakini nani alikuwa bado anasikiliza? Watu wa Songtenga walioko mjini na vijiji vya jirani walikuwa wameshazima redio na kuanza kufunga vifurushi. Kufika saa tisa bunduki za baruti zilikuwa zinalia kwenye kilima, kondoo wanne wamefungwa mlangoni, na dada zake Naaba walioolewa kijiji cha pili waliingia uani wakilia kwa sauti, wakamkuta marehemu amekaa barazani, kofia yake ina masizi, anakula maharage. Hilo angelisamehe. Asilosamehe ni kwamba mdogo wake, aliyekuwa akikitazama kiti kile kwa miaka kumi na minane, alikuwa ameshafua kanzu yake kubwa na kuianika.

Kesho yake asubuhi msemaji wa Naaba aliingia ofisini kwa mkurugenzi na fimbo yake, akakataa kiti. Maneno yake yalikuwa machache. Kumwambia chifu aliye hai kwamba moto wake umezimika si kosa la redio, ni laana. Aliyeitamka aje Ijumaa, na aje na wazee wa ukoo wake, maana laana huondolewa na ukoo wa aliyeitoa. Asipokuja, Naaba atakwenda kwa gavana.

Mkurugenzi, Bwana Sawadogo, alikuwa na miezi minne tu katika kituo kile na alimheshimu Poko kama watu wanavyoheshimu mti uliokutwa uani. Hakupiga kelele. Alimwonyesha barua iliyokwisha kuandikwa.

"Mama, sipendi kufanya hivi. Naaba akiridhika kesho, naichana mbele yako. Asiporidhika, Jumatatu hutakaa tena mbele ya kipaza sauti. Wiki zako tatu utazimalizia stoo ya kanda."

"Na kuaga wasikilizaji?"

"Hakutakuwa na kuaga." Akatazama meza. "Wazee wako wako wapi? Tuwatumie gari?"

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Poko.

Alitoka akaingia studio, akafunga mlango, akalia kwa mara ya kwanza katika chumba kile ambamo alikuwa amewatangazia watu wengine misiba yao. Barua haikumuuma sana. Kilichomuuma ni swali la wazee.

Maana Poko hakuwa Poko. Jina hilo la Kimosi alipewa siku ya kwanza ya kazi. Jina alilozaliwa nalo ni Philomène Toé, Msamo, baba na mama kutoka Tougan, na kama kuna watu duniani Wamosi hawawezi kukaa nao dakika tatu bila kutukanana, ni Wasamo. Ni watani wa damu. Mmosi humwita Msamo mla mbwa, Msamo humwita Mmosi mla kichwa cha punda, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Msamo akija msibani kwa Wamosi hulala palipolazwa maiti, huvaa kofia ya marehemu, hudai arudishiwe kichwa cha mbwa alichoibiwa, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni.

Mama yake alihamia Ouahigouya kupika pombe ya mtama, na mtoto akakua akisema Kimosi cha wanywaji wazee, kile cha ndani chenye mafumbo. Mkurugenzi wa kwanza alimsikia akaduwaa. "Lugha yako ni safi kuliko yangu," alimwambia. "Lakini matangazo ya vifo asome Toé? Nani ataamini? Ukisema fulani amekufa, watasema Wasamo wameanza. Kuanzia leo wewe ni Poko."

Basi akawa Poko. Alizunguka vijijini na pikipiki ndogo, kinasa sauti kizito mgongoni, akirekodi nyimbo za wanawake kwenye mawe ya kusagia kabla mashine hazijazimaliza. Alitengeneza kipindi cha wakulima ambacho wanaume walikidharau mwaka mzima, kisha wakaanza kukipangia safari zao. Alifundisha watangazaji saba, watano wakamwacha kwenda mji mkuu. Watu walimpa majina ya watoto wao. Na kila mahali alijitahidi kuwa Mmosi kuliko Wamosi wenyewe, kwa hofu kwamba siku moja neno moja litamfichua. Neno lenyewe lilikuja, na lilikuwa lile alilolijua vizuri kupita yote.

Rasmané alikuwa akijua. Aliwahi kumsikia akitukana kwa Kisamo mkanda ulipokatika, zamani, na tangu hapo walikuwa na utani wao wa siri, mlango ukiwa umefungwa na taa nyekundu ya hewani imezimwa. Sasa aliingia, akafunga mlango, akaitazama taa.

"Mla mbwa analia."

"Niache, Rasmané."

"Machozi yataharibu mitambo ya serikali."

"Kichwa cha punda wewe. Kesho wataniuliza ukoo, nitajibu nini?"

Rasmané alikuna ndevu. "Naweza kukuazima babu zangu. Wapo wengi na hawana kazi."

Poko alicheka bila kutaka, akapenga kamasi. Lakini akatikisa kichwa. "Nimechukua jina. Sitachukua na makaburi."

Ijumaa asubuhi walikwenda Songtenga kwa pikipiki ya Rasmané, kondoo mweusi wa kuombea radhi kafungwa nyuma analalamika njia nzima. Uani kwa Naaba kulikuwa na watu kama siku ya soko. Harufu ya mtama ulioungua ilikuwa bado hewani. Mwenye sauti maarufu alipita katikati yao amevua viatu, na wengi walikuwa hawajawahi kumwona, wakanong'onezana kwamba kumbe ni mfupi.

Naaba Saaga alikaa kwenye ngozi yake. Poko alipiga magoti, akainamisha uso mpaka vumbi, viganja chini. Mkurugenzi Sawadogo, aliyekuja kwa gari la ofisi, alipiga magoti nyuma yake suruali yake nzuri ikichafuka. Naaba hasemi moja kwa moja; alimnong'oneza msemaji, na msemaji akapaza sauti.

"Naaba anauliza, nani kamzima?"

"Ni mimi, Naaba. Niliambiwa moto umezimika, sikuuliza moto upi. Kosa ni langu, halina mwingine."

"Naaba anasema umekiri vizuri. Wazee wako wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu."

Minong'ono. Msemaji akagonga fimbo. "Mtu hatoki kwenye mwamba. Sema ukoo wako, tutume watu kuwaita wazee. Wewe ni wa nani?"

Hapo Poko angeweza kutaja ukoo wowote. Zilikuwepo koo za kumwaga, na Rasmané kule nyuma alikuwa tayari amefungua mdomo amsaidie. Lakini alikuwa amechoka. Uso wake uko vumbini, magoti yanamuuma, miaka ishirini na saba iko mgongoni kama kile kinasa sauti, na aliona heri kuwekwa stoo ya kanda kwa jina lake kuliko kusamehewa kwa jina la kuazima.

"Poko ni jina la kazini," alisema. Akainua uso, jambo ambalo halikuruhusiwa. "Mimi ni Toé. Philomène Toé. Msamo wa Tougan, baba na mama."

Kondoo peke yake ndiye aliyeendelea kulia. Bwana Sawadogo aliinua shingo akamtazama kama mtu aliyegundua choo kina mlango wa pili. Msemaji alibaki kinywa wazi, fimbo hewani, hajui apeleke maneno gani kwa nani.

Kisha mabega ya Naaba Saaga yakaanza kutikisika. Poko alidhani ni ghadhabu. Naaba akashika kofia yake isianguke, akajipiga paja, na sauti iliyomtoka haikupitia kwa msemaji yeyote.

"Msamo," alisema. "Kumbe ni Msamo. Jamani, siku zote hizi mla mbwa ndiye anayetuzika!"

Ua ukalipuka. Wanaume walishikana mabega, akina mama walijifunika uso kwa khanga, mpiga ngoma alipiga ngoma bila kuambiwa.

"Naaba, mimi sili mbwa," alisema Poko, na alishangaa kusikia ile sauti ya siri ikimtoka mchana kweupe, mbele ya watu. "Mlivyoviiba vichwa vyote tutakula nini? Na wewe ungekuwa na adabu ungekufa nilivyokutangaza, kuliko kuniaibisha kazini."

"Mnamsikia? Anataka nife ili asiwe mwongo."

"Kondoo nimemleta, mchinjeni, na kaburi mchimbe. Sitambeba tena kurudi."

"Ondokeni hapo chini, ninyi wawili," Naaba alisema akijifuta macho. "Mpeni kiti. Mpeni maharage, hana meno ya kutafuna kitu kingine. Msamo hawezi kumlaani Mmosi, hata akitaka. Msamo akisema nimekufa, anataka kofia yangu tu." Akaivua kofia ile yenye masizi, akamtupia. Poko akaidaka na kuivaa, kama desturi inavyomtaka Msamo, na watu wakapiga vigelegele.

Laana ikawa imekwisha. Haikuhitaji wazee wala damu. Kondoo mweusi alisimama pale hajui kwamba ameokoka. Poko alijisikia mwepesi mpaka akaogopa kusimama. Alitaka kucheka na kulia na kulala usingizi, vyote kwa pamoja, na alipomtazama Rasmané alimwona amegeukia ukuta anajifanya kutafuta kitu mfukoni.

"Ila hukumu ipo," Naaba aliendelea. "Siku nikifa kweli, atangaze huyu huyu, hata kama amestaafu. Hakuna atakayeamini, na mdogo wangu atachelewa kufua kanzu."

Mdogo mtu, nyuma kabisa, ndiye pekee ambaye hakucheka.

Walipokuwa wanakula, bibi kizee mmoja alisogea akaketi karibu na Poko bila kukaribishwa. Aliitwa Raki. Alimtazama kwa muda, hakuwa na utani usoni.

"Mume wangu ulimtangaza wewe," alisema. "Noufou, fundi wa majembe. Mwaka wa mafuriko. Barabara zilikatika, msibani hakufika Msamo hata mmoja. Siku tatu hakuna aliyetuchekesha. Msiba mkavu, mwanangu. Mpaka leo umenikaa hapa." Akagusa koo lake. "Kumbe Msamo alikuwa ndani ya redio, na amenyamaza."

Kati ya yote aliyoyaogopa Poko kwa miaka ile, kufukuzwa, kuzomewa, kuitwa mwongo, hili halikuwahi kumpitia akilini, kwamba jina lake lingeweza kumfaa mtu. "Nisamehe, bibi," alisema, na alimaanisha.

Bibi Raki alichukua tonge la maharage kwenye bakuli la Poko, akala, akaondoka.

Njiani kurudi, Bwana Sawadogo alisimamisha gari kando ya pikipiki yao, akashusha kioo, akachana barua vipande vinne. "Miezi minne nimekaa na Msamo ofisini," alisema kwa uchungu wa kweli. "Unajua ni matusi mangapi nimepoteza?"

"Bado una wiki tatu, kichwa cha punda," alimjibu Poko, na mkurugenzi akapandisha kioo akitabasamu peke yake.

Jumamosi, saa sita na robo, taa nyekundu iliwaka.

"Mnayemsikia hapa ni Philomène Toé," alisema. Alitafuta ni sauti ipi kati ya zile tatu, akakuta anayoitumia si hata moja. "Wengi mnaniita Poko, na mkipenda endeleeni. Lakini mimi ni Msamo, na nimewaficha tangu siku ya kwanza. Pili, moto uliozimika Songtenga ni wa ghala. Wa Naaba Saaga unawaka, nimeuona mwenyewe, unateketeza maharage tu. Simu ziko wazi. Nitukaneni."

Walimtukana. Walimtukana kutoka sokoni, kutoka karakana, kutoka vijiji ambavyo vilikuwa havijapiga simu kituoni miaka mingi. Mwalimu mmoja aliuliza mbwa wake aliyepotea mwaka juzi alikuwa na ladha gani. Rasmané alibonyeza laini moja baada ya nyingine, machozi ya kicheko yakimtiririka, mpaka akainua kidole kuashiria ya mwisho.

"Ni mimi, Raki wa Songtenga," ilisema sauti nyembamba. "Nataka usome tangazo la mume wangu."

"La mwaka wa mafuriko, bibi?"

"Hilo hilo. Ila safari hii lisome kwa jina lako."

Poko alisogea karibu na kipaza sauti. Kofia yenye masizi ilikuwa mezani mbele yake. Aliichukua akaivaa, ingawa hakuna msikilizaji ambaye angeiona.

"Watu wa Songtenga," alisema. "Noufou, fundi wa majembe, mume wa Raki, ametutoka. Mimi Toé nimekuja kulala mahali pake na kuvaa kofia yake, na sitoki hapa. Alikuwa mtu mwema, ukikumbuka ni Mmosi, maana majembe yake yalivunjika mara mbili tu kwa msimu. Amekufa makusudi, nawaambieni, ili asinirudishie kichwa cha mbwa alichoniibia. Mtazameni chini ya kitanda. Raki, mke wa mwizi, usikae hapo unalia. Inuka ukakitafute."

Rasmané alikunja uso akitazama kama laini imekatika. Halafu ikaja kutoka Songtenga, ikipasuka kwenye spika zote za mkoa, cheko la mwanamke mzee, la koo lililofunguka. Liliendelea na kuendelea. Philomène Toé hakuweka filimbi. Aliacha kipaza sauti wazi mpaka bibi alipomaliza.